Hajati Nabilah na Ukurasa wa Themanini na Nane

Hajati Nabilah Sulaimani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia Kampuni ya Uchapishaji ya Viti Vitatu, hapa Bugolobi, kwa miaka thelathini na miwili na miezi minane. Sherehe itaanza saa tisa alasiri, watu wakisharudi kutoka swala ya Ijumaa, na waalikwa wataisoma karatasi hii huku wakisubiri pilau. Basi someni polepole, maana pilau lenyewe mnalijua. Mimi Travis Nyongesa, mpangaji wa kurasa, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika.

Wasifu wa namna hii huanza na kuzaliwa na kusoma. Nitafika huko. Ila kuna jambo lazima nilitoe kwanza, kwa sababu nikiliweka mwishoni najijua, nitalikimbia. Leo ni Jumatatu, na mezani kwa Hajati umebaki muswada mmoja ambao hajaumaliza, nambari 61 ya mwaka huu. Ni riwaya. Mwandishi wake ni mimi. Yeye hajui, na atajua atakapoifikia sentensi hii, akiwa meza ya mbele, watu wote wakimtazama. Hajati, nakuomba usiinue kichwa kunitafuta. Nitakuwa nyuma kabisa, karibu na spika.

Mniwie radhi, wageni wetu, niwaeleze kwa nini nitajificha huko. Bwana Okwir, mkurugenzi, ametangaza kwamba Hajati akiondoka hataajiriwa mtu mwingine wa kusoma riwaya za watu wazima. Tutabaki na vitabu vya shule. Riwaya yoyote itakayopata sahihi ya Hajati hadi Alhamisi hii saa tisa itachapishwa, na isiyopata itarudi kwa mwenyewe. Nyingine zote zimeshasomwa. Imebaki hiyo moja, kurasa mia mbili na kumi na nne, nilizoziandika kwa miaka saba, chumbani kwangu Ntinda. Hakuna kampuni nyingine iliyokubali hata kuifungua bahasha.

Sasa turudi kwa mwenye sherehe. Hajati alizaliwa mwaka 1965 katika familia ya Wanubi, binti wa askari na mjukuu wa askari, akalelewa Mbuya, nyumba ambamo Kinubi kilikuwa cha jikoni na Kiswahili cha sebuleni. Alijiunga na kampuni Machi 1993 akiwa mpiga chapa. Wakati huo viti vitatu vilikuwa vitatu kweli, na kimoja kilikuwa cha wageni, kwa hiyo wakija wageni wawili mfanyakazi mmoja alisimama. Anasema mwaka wa kwanza alisimama zaidi kuliko alivyokaa.

Alivyopandishwa cheo ni kisa chenyewe. Siku moja mwaka 1996 alikuwa akichapa hadithi ya watoto, akaacha katikati, akaenda kwa mkurugenzi wa wakati huo na kumwambia kwamba yule mtoto wa hadithi amekunywa uji mara mbili asubuhi moja, na mama yake hakushangaa. Mkurugenzi alikuwa ameisoma hadithi hiyo mara tatu na hakuona. Jumatatu iliyofuata Hajati akapewa meza ya dirishani na kazi ya kusoma miswada, na hapo ndipo alipo hadi leo, isipokuwa dirisha siku hizi limezibwa na ghorofa la jirani.

Kwa wasiojua kazi yetu inavyokwenda: muswada ukifika, Santina wa mapokezi huliandika jina la mwandishi kwenye daftari lake na kulifungia kwenye droo, kisha humpa Hajati muswada wenye nambari tu. Hajati husoma kwa penseli. Ukurasa akiumaliza, huweka herufi zake chini kulia, N.S. Ukurasa usio na N.S. haujasomwa, hata mkiapa. Mwishoni huandika ripoti fupi na kutia sahihi. Miswada aliyoisoma inakaribia elfu moja na mia mbili, na hakuna hata mmoja alioufikisha nusu akaurudisha. Ukimuuliza, anakujibu, "Mtu amekaa na kitu miaka, mimi nishindwe kukaa nacho wiki mbili?" Kwa hiyo wiki hii si mimi peke yangu ninayehangaika. Yeye naye rekodi yake imening'inia.

Maana Hajati ana udhaifu mmoja, na sisi wote tunaujua. Mpe riwaya ya mauaji, ataisoma huku akitafuna njugu. Mpe vita, mpe talaka, mpe majini yanayokaa kwenye friji, hatishiki. Lakini mpe msimulizi asiyejua kukaa na watu! Yule anayesalimia mtu mara ya pili kwa kusahau, anayeeleza utani baada ya watu kucheka, anayeng'ang'ania kuongea wakati mwenye nyumba ameshapiga miayo mitatu. Hapo Hajati hufunga faili, husimama, hutembea hadi mwisho wa ukumbi, hurudi, hufungua, husoma mistari miwili, hufunga. "Aibu inanipata mimi," husema. "Yeye ametulia kule kwenye karatasi, mimi ndio natoka jasho."

Msidhani hakujaribu. Amesoma kwingi wasomi wakiwasifu wasimulizi wa aina hiyo, kwamba wanachekesha, kwamba wanaona tusiyoyaona. Naye anataka kucheka, bambi, maskini. Amebuni mbinu zake. Hufunika ukurasa kwa bahasha na kuishusha mstari kwa mstari ili aibu isimwangukie yote kwa pamoja. Husoma sura ya mwisho kwanza, ajue kama mtu huyo atanusurika. Na kila pigo likimzidi, huenda kuchemsha chai. Santina anahesabu. "Leo chai sita," ataniambia nikipita mapokezi, na mimi naelewa msimulizi amekuwa na siku mbaya.

Wakati naupeleka muswada wangu nilijua yote haya. Mtaniuliza, basi kwa nini uliandika msimulizi wa namna hiyo? Jamani, kwani mimi naweza kuandika mwingine?

Jumanne. Nimechungulia. Najua ni vibaya, lakini Hajati alikuwa kwenye swala na faili lilikuwa wazi. Herufi zake zinaishia ukurasa wa 87, na Santina anasema zimeishia hapo tangu Alhamisi ya wiki jana. Jana chai tisa. Leo kufikia mchana saba. Nilirudi kwenye kompyuta yangu nikakipanga kitabu cha hesabu cha darasa la tatu, nikaweka picha ya embe mahali pa picha ya saa.

Ukurasa wa 88 ni wa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni. Walioihudhuria wanajua utaratibu. Bwana harusi anakaa kimya katikati ya wenzake, wote wamevaa kanzu na koti, kama vile hayupo. Anayeongea ni msemaji wao tu. Kisha ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, anapita mbele yao akimtafuta, akimpata anamchomeka ua kifuani. Sasa msimulizi wangu ni Mkenya, amekuja kumsindikiza rafiki yake, na ameambiwa jambo moja tu, akae atulie. Ssenga anakuja upande wake. Yeye anaona mama mtu mzima anamjia, na nyumbani kwao mtu mzima akikujia unasimama. Anasimama. Anachomekwa ua. Vigelegele! Na badala ya kusema si mimi, anaona aibu kumwaibisha yule mama, basi anabaki na ua la mwenzake kifuani dakika ishirini, akishikwa mkono na wakwe.

Nimeshaulizwa na Santina kama ni kweli. Ndiyo. Ilikuwa Mukono, mwaka 2016. Rafiki yule hatusalimiani sana.

Mchana huo huo Hajati alitoka na lile faili hadi kwenye ukumbi, miwani imepanda kwenye paji la uso. "Amesimama!" akatuambia. "Ssenga anapita zake, yeye amesimama! Nilikuwa namwambia kaa, kaa, kaa chini wewe, hasikii!" Bwana Okwir alicheka hadi akashika ukuta. Santina alijifanya anatafuta stepla. Mimi nilikuwa nimebeba rimu mbili za karatasi na sikuwa na pa kuzitua. Hajati akanigeukia. "Nyongesa, wewe si Mkenya? Niambie. Wewe ungesimama?"

Nikasema sijui, Hajati.

"Huwezi," akasema. "Wewe una akili zako."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, na mmeona nilivyoitumia. Nilienda na rimu zangu hadi chumba cha mashine, nikazikalia.

Nilipokuwa nimekaa pale nilikumbuka kisa ambacho lazima kiwemo kwenye karatasi hii, na nashukuru kimenijia. Mwaka 2019 tulizindua kitabu cha mzee mmoja wa Jinja, hapa hapa bustanini, wageni sabini. Mzee alisimama kusimulia hadithi yake, akafika mahali akasahau jina la shujaa wake mwenyewe. Akajaribu jina moja, silo. Watu wakaanza kutazama viatu. Ghafla nyuma kukasikika kishindo, sinia zima la glasi liko chini, na Hajati amesimama juu ya vigae akilia "Astaghfirullah, mikono yangu hii!" Watu wakamkimbilia, mzee akapata muda wa kufungua kitabu chake na kulitazama jina. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Hajati. Mikono yake haikuwa na tatizo lolote. Alilibeba lile sinia kutoka mezani kwa makusudi, akalipeleka mahali penye sakafu ngumu, akaliachia.

Ndivyo alivyo. Nilipochelewa kwa foleni ya Ntinda siku ya mkutano wa wizara, aliwaambia nimetumwa. Bwana Okwir alipotoa hotuba nzima akiwa na kibandiko cha bei kwenye mkono wa koti, yeye ndiye aliyempelekea maji na kukibandua bila mtu kuona. (Bwana Okwir, samahani, nilidhani ulijua.) Na nilipomuuliza mara moja kwa nini basi riwaya zile zinamshinda, alinijibu jambo ambalo sijalisahau. "Huku nje naweza kufanya kitu. Kule ndani siwezi. Nimefungwa mikono, nikae nimtazame mtoto wa watu akiharibikiwa."

Jumatano. Saa nne asubuhi aliniita mezani kwake. Miguu yangu ilifika kabla yangu. Faili lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa 88 na bahasha imelala juu yake.

"Nyongesa baba," alisema, "macho yangu yamegoma. Yakifika pale ssenga anapoanza kutembea, yanaruka. Kesho saa tisa Okwir anataka sahihi, na mimi sijawahi kurudisha kitabu nusu, sitaanzia hiki. Nisomee wewe. Mimi nitasikiliza tu."

Akajifunika uso wote kwa mtandio. Miaka thelathini na miwili ya kazi, na amekaa kama mtu anayechomwa sindano.

Nikaanza kusoma. "Soma kama mtu," akasema chini ya mtandio, "si kama polisi anasoma mashtaka." Ssenga akaanza kutembea. Nikamsikia Hajati akivuta pumzi. Msimulizi akasimama. "Kaa chini," Hajati akanong'ona. Hakukaa. Ua likachomekwa. Nikasoma vigelegele. Kila neno nililoliandika nikiwa peke yangu kwa kucheka, sasa nalisema mbele ya mtu niliyemheshimu kuliko wote ofisini, na sikuona cha kuchekesha hata kimoja. Niliona kijana mwenye ua lisilo lake.

Sasa, mashine yetu ya kuprinti ina tabia mbaya, inameza mstari wa mwisho wa baadhi ya kurasa. Ukurasa wa 89 ulimezwa. Hajati mwenyewe, ambaye hukagua kurasa zote kabla ya kuanza kusoma, alikuwa ameshaweka alama ya penseli pale chini, "mstari umepotea". Mimi sikuiona alama. Nilifika mwisho wa karatasi nikaendelea, kwa sababu nilikuwa najua kinachofuata: "Nikasema asante, kwa kuwa ndilo neno pekee nililobaki nalo." Kisha nikageuza ukurasa.

Mtandio ukashuka.

Hajati akaurudisha ukurasa taratibu kwa kidole. Akatazama chini ya karatasi. Palikuwa peupe, na alama yake ya penseli. Akanitazama mimi. Masikio yangu yaliwaka moto, nikafungua mdomo, na wallahi ninyi mnaosoma hapa mngeweza kuingiza mkate mzima ndani. Akachukua penseli, akafuta alama yake, na pale chini kwenye weupe akauandika ule mstari kama nilivyousema, bila kuniuliza hata neno moja. Akaweka N.S. Akajifunika tena.

"Endelea," akasema. "Unasoma vizuri."

Nikaendelea hadi ukurasa wa 120, sauti yangu ikaisha, na yeye akachukua faili akasema zilizobaki ataziweza. Hakunywa chai mchana wote. Santina alikuja kuniuliza kama Hajati ni mgonjwa.

Alhamisi. Naandika aya hizi za mwisho na Bwana Okwir ameshapita mara nne. "Nyongesa, karatasi ya Hajati iko wapi? Watu wa mashine wanangoja!" Nimemwambia dakika kumi. Nilimwambia hivyo pia saa saba.

Saa nane na dakika arobaini Hajati alisimama, akafunga faili kwa kamba, akalipeleka ofisini kwa mkurugenzi. Mlango ulikuwa wazi. Bwana Okwir, ambaye huzisoma ripoti zote kwa sauti ya kwaya, aliisoma hii pia, na ofisi nzima tukasikia. Nimeinakili kutoka kwenye faili, herufi kwa herufi:

"Muswada 61. Nimeusoma wote. Sikuufurahia, na nilijitahidi sana. Msimulizi amenitesa siku kumi na tatu. Nilidhani tatizo ni kwamba hajui kukaa na watu. Sasa naona tatizo ni kwamba watu walimwona amesimama na ua lisilo lake, wakapiga vigelegele, na hakuna aliyemwendea. Uchapishwe. Mhariri asimnyooshe. Nabilah Sulaimani."

Bwana Okwir akauliza, "Hajati, kama hukuufurahia, kwa nini uchapishwe?"

"Kufurahia ni mambo yangu na roho yangu," akajibu. "Kazi yangu ilikuwa kusoma."

Nilikuwa nimeshika kipanya cha kompyuta bila kukisogeza. Miaka saba, na jambo limekwisha kwa sentensi ya neno moja ambayo hata sikuweza kusimama kuipokea. Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani kwenda kumshika mikono. Nilikaa nikitazama picha ya embe.

Alipotoka alipita mezani kwangu na mkoba wake, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. Hakunitazama usoni. Alikuwa anapanga kalamu zangu kwenye kikombe. "Nyongesa," akasema, "ukikutana na mwandishi wa sitini na moja, mwambie Jumapili nipo nyumbani Mbuya. Aje ale gurusa, ule mkate wetu wa Kinubi, na mchuzi. Nitapika kwa ajili ya watu wachache tu, wasio na kelele. Akiwa hana la kusema, asiseme. Hakuna atakayemuuliza."

Kisha akashuka ngazi kwenda kuswali alasiri.

Jamani, hii ndiyo karatasi ya kumuaga, na nimeijaza mambo yangu. Bwana Okwir ataniuliza ziko wapi semina alizohudhuria na vyeti alivyopewa. Vyeti ni kumi na kimoja, vimetundikwa mapokezi, nendeni mkavitazame. Mimi nilichokuwa nacho cha kusema ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini mtu alikaa kwenye kiti kile akiwasomea hadi mwisho watu ambao hakuwajua majina, hata wale waliomuumiza kuwasoma, na hakuna hata mmoja aliyeachwa katikati.

Hajati Nabilah, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Viti Vitatu, ahsante. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe macho ya kusomea unachokitaka wewe, na asubuhi zisizo na nambari. Usome mauaji hadi uchoke. Maisha ya nyumbani yakupokee kwa heri.

Na kuhusu Jumapili, mwandishi nimemwambia. Anakuja saa saba. Anaogopa sana, lakini anakuja.